Claudette Anishikie Kiti

Jumamosi, 20 Oktoba

Miaka yangu minane bungeni imekwisha! Sheria ya jimbo letu la Maine, Marekani: mihula minne ya miaka miwili mfululizo, kisha upishe wengine walau muhula mmoja. Niliipigia debe mwenyewe enzi zile, nikikusanya sahihi kwenye theluji, tuwang'oe wazee ving'ang'anizi. Kumbe mkuki kwa nguruwe! Ila mimi Armand Theriault sizikwi kirahisi. Mgombea sasa ni mke wangu, Claudette. Atanishikia kiti miaka miwili, halafu narudi. Alikubali huku akimenya viazi, hata kichwa hakuinua. Nimemwagiza atabasamu tu, asiahidi kitu.

Jumanne, 23 Oktoba

Mdahalo ukumbi wa wakulima. Nilimwandikia hotuba kurasa sita. Kaiacha garini! Mkulima mmoja akauliza daraja la mtoni litatengenezwa lini. Claudette akataja mwezi, akataja mkandarasi, akamtaja hata karani aliyelikalia faili. Akaulizwa kajuaje. Eti miaka yote minane simu ya nyumbani ikilia, walidhani anapokea Armand? Ukumbi mzima kicheko. Nikacheka nami, ningefanyaje? Mpinzani wake, Merle Hatch, fundi bomba, akaninong'oneza kwamba angejua mama ni moto hivi, asingechukua fomu.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mambo yanaharibika. Dukani wanamsalimia yeye kwanza, mimi naulizwa kama mgongo umepona. Nimempenyezea kinyozi siri: Claudette ni wa muda, mwenye kiti ni mimi. Nikamwapisha asimwambie mtu. Yule? Kufikia kesho watajua hadi kuku. Safi kabisa.

Jumamosi, 27 Oktoba

Balaa! Chakula cha maharage kanisani, siri iko kila meza. Bibi Pelkey, mpiga kinanda, kasimama na sahani yake, kamuuliza Claudette mbele ya watu kama kweli anamshikia mumewe kiti. Claudette akanitazama, si kwa hasira, kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akajibu kwamba ndiyo, ndivyo Armand alivyomwomba. Lakini wao wakimtaka, atakaa mihula yote minne. Makofi! Vijiko vikagongwa mezani! Nikapiga hesabu: nitakuwa na miaka sabini na tisa. Nikapaliwa. Merle akanipiga mgongoni, akasema pole sana mzee, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumanne, 6 Novemba

Siku ya kura. Nimesimama kibandani, kalamu mkononi. Merle hana ubavu wa kukaa zaidi ya muhula mmoja. Akishinda yeye, kiti changu hicho! Kalamu ikaanza kuelekea jina lake. Nikachungulia dirishani. Claudette yuko nje kwenye baridi, pua nyekundu, kashika kofia yangu niliyoisahau, ananisubiri. Nikaona haya. Nikakumbuka alivyokuwa akiacha chakula chake kipoe, anamsikiliza mjane aliyeishiwa mafuta ya kupashia nyumba joto, nami natazama mpira. Nikampa kura yangu. Kashinda kwa kura mia sita na kumi na moja! Akalia begani kwangu, nami nikalia. Nampenda mwanamke huyu, basi.

Jumatano, 7 Novemba

Nimetubu. Kiti ni cha wananchi, si cha baba yangu. Claudette ni kiongozi kunizidi, na nimemwambia hivyo, kwa mdomo wangu, akiwa anakunywa kahawa. Akanibusu. Akasema sasa zamu yangu kupokea simu. Nimepokea nne. Ya tano nilikuwa naisikiliza huku nikiipitia ile sheria, kwa kujielimisha tu. Lo! Ukomo wa mihula Bungeni, baraza la chini, mbali; ukomo wa Seneti, baraza la juu, mbali! Mtu akimaliza muhula mmoja chini, hakuna wa kumzuia kugombea juu. Na akipanda, huku chini si kiti kinabaki wazi? Nimeshaagiza mabango mia mbili: CLAUDETTE KWA SENETI. Yeye bado hajui. Nitamwambia akiwa anamenya viazi.