Mota Tatu Kubwa na Gia ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ya dhahabu! Mama mkwe amekuja na mashine yake ya kufumia sweta. Gia ya ndani imevunjika meno. Kitu cha plastiki, kidogo kuliko kisahani cha chai, na vipuri havipatikani tena popote. Tangu astaafu, kufuma ndiyo raha yake pekee. Bila gia anashinda kutwa akitazama ukuta, na amekonda.

Akauliza kama aipeleke kwa shemeji. Huyu ni dada wa mke wangu, fundi wa lifti, ambaye katika ukoo huu hakosei jambo. Nikasema, Mama, uende mbali kote huko na mkweo nipo hapa? Nikamwahidi gia Jumapili. Mke wangu akakohoa. Mafua, nadhani.

Kwa kweli ninayo mashine ya kuchongea, stoo, nyuma ya magodoro ya dukani kwangu. Tatizo ni kwamba huendeshwa kwa mkono, na mkono wangu ukichonga duara hutoa pembe nne. Dawa ni moja: nitaifungia mota, kompyuta izungushe badala yangu. Shemeji alishaifanyia yake hivyo. Ataniweza wapi?

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa shemeji kupeleleza. Kisingizio: kurudisha sufuria yake.

Hee! Ile mashine yake! Meza inakwenda na kurudi bila kelele, inasimama hasa pale inapotakiwa, kisha inageuka kwa adabu. Nimesimama mdomo wazi hadi chai ikapoa. Nilikuja kuichukia, nimeshindwa.

Na mota zake ni ndogo, kadiri ya ngumi! Akanieleza bila hiyana kwamba mota za aina hii husogea hatua kwa hatua, na kila moja ina draiva yake, kile kisanduku kinachoilisha umeme. Mota na draiva huchaguliwa pamoja kama viatu. Alizungushia uzi kwenye gurudumu la mkono, akauvuta kwa mizani ya kuning'iniza, akajua nguvu inayohitajika, akaizidisha mara mbili. Basi. Mizani ya sokoni! Nani mwingine angewaza hivyo?

Akaniuliza mashine yangu nataka iende kwa kasi gani. Nikasema kasi sana. Akauliza sana kiasi gani. Nikasema sana kabisa. Akanitazama kwa huruma.

Nimefika nyumbani na sufuria bado mkononi.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua! Mota tatu kubwa kuliko zote dukani. Nimezichagua kama wateja wangu wanavyochagua magodoro: unanyanyua, unaguna, unachukua lile zito. Muuzaji alinishauri draiva kubwa za volti nyingi. Nikamcheka. Kazi inafanywa na mota, kisanduku ni pambo. Nimechukua draiva ndogo kabisa.

Mke wangu ameziona mota akasema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Nimemsamehe. Kweli zikishafungwa, mashine inaonekana ndogo kuliko mota zake, na inainama kidogo mbele. Nimeweka tofali nyuma.

Alhamisi, 6 Machi

Polepole, nguvu za ajabu! Nilishika gurudumu nizuie, likanitupa kwenye magodoro. Nikacheka peke yangu kwa furaha.

Nikaongeza kasi. Mota zikalia, zikatetemeka, zikasimama kabisa. Jirani akagonga kuuliza kama tumeanza kusaga nafaka. Vikombe vya jikoni vimehama rafu.

Nikafungulia draiva mkondo wa umeme hadi mwisho. Harufu. Moshi. Draiva moja imetutoka.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu mpya, ya kiwango cha juu. Nimemwalika shemeji chakula cha mchana, nikamweleza habari za rafiki yangu mmoja, mtu wa mbali, mwenye mota kubwa zinazogoma zikikimbizwa. Mficha uchi hazai, najua, lakini mimi sikutaka kuzaa, nilitaka gia.

Shemeji akala taratibu. Akasema mota kubwa ni ndoo kubwa, na draiva ndogo ni bomba jembamba. Ukienda polepole ndoo inajaa. Ukiharakisha, inaondolewa kabla maji hayajafika popote, na nguvu inaisha. Rafiki huyo angechagua mota ndogo, lakini kwa kuwa keshanunua, basi atafute draiva za volti nyingi. Akauliza kama rafiki huyo ameweka tofali nyuma. Nikapaliwa.

Jioni nimekuta boksi mlangoni. Draiva tatu kubwa na kisanduku cha umeme, vya kuazima, na karatasi imeandikwa: kwa rafiki yako. Nimekaa kizingitini nikiziangalia. Mtu mwerevu hivi, na bado ana moyo hivi! Inauma.

Jumamosi, 8 Machi

Zinakimbia! Mbele, nyuma, kasi kabisa, hazigomi. Nimempigia makofi shemeji peke yangu stoo.

Kasoro moja: zinavuma. Za shemeji zinanong'ona, zangu zinavuma. Nami hapo ndipo nilipomzidi. Nimekata vipande vya sponji ya godoro, daraja la kwanza, nikavibana kati ya kila mota na kiunzi chake. Kimya! Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu.

Gia imetoka na umbo la yai.

Nikachonga ya pili. Yai. Ya tatu, yai la bata. Nikaijaribu kwenye mashine ya kufumia, ikakwama na kukata uzi. Kesho mama mkwe anakuja. Sijala. Nikimkumbuka anavyoutazama ule ukuta, najionea haya kwelikweli.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja wote wawili, mama mkwe na shemeji. Nikamkabidhi mama mkwe yai bora kati ya yale matatu, juu ya kitambaa safi. Akaligeuza, akaliinua kwenye mwanga, akauliza kwa upole: mwanangu, hii inakaa kichwa juu au chini? Kisha akaanza kukusanya nyuzi zake kwenye mfuko, taratibu, kama mtu anayezifunga kwa mara ya mwisho. Sikuweza kuvumilia. Nikasema shemeji, tafadhali, nisaidie.

Shemeji akaweka kiganja juu ya mota, akaiwasha. Mota ikajipinda yenyewe kwanza juu ya sponji, ndipo meza ikasogea. Kila ikigeuka, inajipinda. Akachomoa sponji kwa vidole viwili, mbele ya watu, na lebo ya duka langu ikining'inia. Akakaza bolti, akampa mama kiti karibu.

Nikashuhudia jino moja baada ya jingine likitokea kwenye plastiki nyeupe, yote sawa. Mota zangu kubwa zimetulia chini ya mkono wake. Sijaona kitu kizuri kama kile, na nimeuza magodoro miaka mingi. Gia ikaingia. Mama mkwe akasukuma mkono wa mashine, nyuzi zikashikana, safu ya kwanza ikashuka. Akacheka kwa sauti! Shemeji akamwambia kazi hii ni ya mashine ya mkweo, Mama. Ilinibidi nitoke nje nikajifanye natafuta spana.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe ametuma ujumbe: sweta la kwanza ni langu. Nimeusoma mara nyingi.

Leo nimetafakari kwa kina kosa langu liko wapi, na nimelipata. Sponji ilikuwa nyembamba mno. Nilikata ya inchi mbili. Ilitakiwa inchi nane.

Tena nimewaza: mzee yule atasukuma mashine ya kufumia kwa mkono mpaka lini? Aibu! Kwenye lile duka la mota nimeona moja inayobebwa na watu wawili. Nimempigia simu mama mkwe, nimemwahidi itakuwa tayari Jumapili. Shemeji asiambiwe, nataka ashangae.

Mke wangu amekohoa tena. Mafua haya nayo hayaishi.