Gundi ya Ini na Wimbo wa Profesa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeota ini tena. Lilikuwa jekundu lililokolea, linang'aa, na juu yake ulishuka utando mweupe, polepole, kama ukungu juu ya bwawa. Mkono ulioshika bomba la sindano ulikuwa wangu. Niliamka nimeukandamiza mto kwa viganja vyote viwili.

Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Profesa, mkuu wetu wa upasuaji, atamtoa mgonjwa wa kitanda cha dirishani uvimbe kwenye ini. Wanagenzi tumebaki wawili na nafasi ya kusomea upasuaji chini yake ni moja. Amesema Ijumaa atatutazama mikono, kisha ataamua. Mwenzangu namwita Bwana Mstari kwa sababu ya njia ya nywele zake, ambayo haijawahi kupinda. Nimemwuliza huwa anaota nini. Amesema huwa analala tu.

Mimi nina mpango. Mpango ni gundi.

Si gundi ya karatasi. Hii inakuja katika mabomba mawili yaliyofungwa pamoja: moja lina protini ya damu, la pili lina dawa ya kuiamsha. Vinakutana kwenye ncha, na palepale vinakuwa damu iliyoganda, ila nyeupe na safi. Profesa haipendi sana. Yeye hukandamiza kidonda kwa shashi huku akiimba chinichini wimbo wa kubembeleza mtoto, beti zote, na hakuna ruhusa ya kufunua kabla haujaisha. Mimi huchungulia kwenye ubeti wa pili. Ni kiu ya elimu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa na mgonjwa. Ni fundi cherehani, rika la mama yangu, na amekuja na mto wake mwenyewe kwa sababu ule wa hospitali haukushonwa vizuri pembeni. Akaniuliza watamshona kwa uzi gani. Nikamweleza kwamba ini ni laini mno, uzi hulikata kama waya kwenye siagi, na kwamba mahali uzi unaposhindwa tunayo gundi. Akanitazama kwa huruma. Akasema kwao gundi ni ya fundi aliyeharibu. Bwana Mstari, aliyekuwa akimpima presha upande wa pili, akacheka na mpira wake wa kupimia.

Kisha fundi akanishika mkono, akasema ana wajukuu wawili anaowalea peke yake, kwa hiyo nisimfanyie majaribio, mwanangu. Nikamwahidi. Nilikuwa tayari nimeshaamua kufanya majaribio mahali pengine.

Sista wa chumba cha upasuaji amenipa boksi la gundi lililopita tarehe, lililokuwa linaelekea kutupwa. Amesema nisije kwake na kilio.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua ini buchani. Nimejifunzia jikoni, dirisha likiwa wazi na pazia likipumua. Utando ulitoka vilevile kama ndotoni. Nikasimama kidogo kuutazama. Mwanga ulikuwa ukiteleza juu yake, nikawaza jinsi kitu kinavyoweza kuwa maji sasa hivi, na sasa hivi kisiwe maji tena.

Nilipoendelea kusukuma, ncha ilikuwa imeziba. Gundi hii haisubiri mtu: ukiacha kusukuma, inagandia mdomoni. Nikabadilisha ncha. Nikasimama tena kutazama. Ikaziba. Ncha zote za boksi zimekwisha namna hiyo.

Mama akaingia kutafuta mboga yake. Nikamweleza kwamba nimelizuia ini lisitoke damu. Akasema ini la buchani halina damu ya kutoka, limeshakubali yaishe, na je, nitabishana nalo vipi siku nikikutana na lililo hai? Akampa paka. Paka amelinusa akaenda kulala.

Alhamisi, 6 Machi

Ninahitaji zoezi moja zaidi. Boksi jipya la kesho lina ncha moja iliyofungwa tayari na nyingine za akiba. Akiba ni ya mtu anayetarajia kushindwa. Nimeziazima zote.

Nikiwa natoka stoo nimekutana na Bwana Mstari, akifanya mazoezi ya kusimama. Nasema kweli. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kiganja juu ya ukuta, haondoi. Maskini.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Uvimbe umetoka vizuri. Ini lilibaki na uso mbichi unaotoa damu kidogokidogo, kama jasho. Profesa akakandamiza, akaimba, damu ikakata karibu yote. Pembeni pakabaki panavuja. Akaomba gundi. Sista alikuwa anampa Bwana Mstari, lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika.

Nilianza. Utando ukashuka. Taa kubwa ya juu iliugusa, na kwa muda sikusikia mashine wala pumzi ya mtu. Ilikuwa ndoto yangu, kila kitu mahali pake. Nikasimama kidogo kuitazama.

Ncha ikaziba.

Nikaomba nyingine. Sista akafungua boksi, akaangalia ndani, kisha akaniangalia mimi juu ya barakoa. Nilijua ziliko. Ziko kwenye friji ya mama, karibu na maziwa.

Profesa hakupandisha sauti. Akasema shashi. Akaniambia nikandamize, akaanza wimbo. Kwenye ubeti wa pili vidole vyangu viliinuka vyenyewe, na damu ikaja. Akasema, "Binti, tunaanza mwanzo." Akaimba. Ubeti wa pili, nikafunua tena. Mtu wa dawa ya usingizi akatangaza kwamba presha inashuka. Hapo nilimwona fundi wangu na wajukuu wake, na nikaogopa kwa mara ya kwanza wiki hii.

Bwana Mstari akaweka mkono wake juu ya wangu. Mzito kama tofali. Hakuuondoa hadi mwisho wa wimbo. Tulipofunua, pakavu.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi ameamka, yuko salama, ameshalalamikia mshono wa shuka. Akasema usingizini alisikia mtu akimbembeleza mtoto, anafika katikati, anaanza upya. Akawaza, huyu mtoto mbona halali, ana nini? Nikamwambia sijui.

Profesa ameniita ofisini. Nafasi ameichukua Bwana Mstari. Mimi nimrudishie Sista ncha zake, na nisiguse bomba lolote mpaka nafasi nyingine itakapopatikana. Kazi yangu ni shashi peke yake. Siku mkono wangu utakapousikia wimbo hadi mwisho bila kuchungulia, nimwambie. Aliongea kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nililia kidogo stoo. Sista akapita, akasema alinionya. Akanipa kitambaa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka mwepesi. Nimeelewa kila kitu. Tatizo halikuwa gundi, lilikuwa subira, na subira hufanyiwa mazoezi.

Nimenunua ini lingine. Mama amehamisha mboga zake kwa jirani. Nimelikata kidogo, nikaweka shashi, nikakandamiza kwa mkono mzito kama tofali, nikaanza wimbo. Pazia lilikuwa likipumua. Paka alitazama kwa mbali. Nilitulia kabisa.

Kwenye ubeti wa pili nikafunua kidogo, ili nione tu ninavyoendelea.

Hakuna hata tone. Ubeti wa pili tu, na damu imekata kabisa.

Kesho nitamweleza Profesa, kwa heshima, kwamba wimbo wake ni mrefu kupita kiasi.