Asitembee Kabla ya Jumamosi

Jumapili, 2 Juni

Mke wangu kaondoka asubuhi. Semina ya wauguzi, siku sita kamili. Nimebaki na cherehani, sketi thelathini za shule zinazotakiwa Alhamisi, na binti yetu wa mwaka mmoja na mwezi mmoja. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu akiingia chumbani wote tunasimama. Yeye mwenyewe hajasimama bado. Anatambaa.

Kituoni mke wangu kanipa wosia wa ajabu. Eti cherehani ina miguu lakini haitakimbia, wiki hii nimtazame mtoto. Nikaelewa papo hapo. Maskini, anaogopa mtoto asije akapiga hatua ya kwanza yeye hayupo! Uchungu huo naujua. Jino la kwanza la Mheshimiwa lilitokeza mimi nimeinamia vifungo vya mashati, nikaambiwa jioni kama jirani. Nilinuna siku tatu.

Basi nikaweka mkono kifuani mbele ya abiria wote. Nikaapa: hatatembea mpaka Jumamosi urudi! Mke wangu akafungua mdomo, kama mtu mwenye neno. Dereva akapiga honi. Akafumba.

Mchana kaingia mama mkwe kuja kunisaidia. Kaja na mto wake wa kulalia. Mgeni mwenye mto wake hana haraka ya kuondoka.

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Furaha! Sijui nianze na lipi.

Saa nne asubuhi. Mheshimiwa kashikilia mguu wa meza ya kukatia vitambaa. Futi yangu ya kupimia ilikuwa inaning'inia kwenye cherehani. Akaitazama. Akaachia meza. Hatua moja, mbili, tatu, nne! Akaikamata futi, akaanguka kwa makalio, akacheka mpaka nikaona lile jino nililolikosa.

Nikapiga ukelele. Halafu nikajiziba mdomo. Mama mkwe akauliza kutoka jikoni kulikoni. Nikasema nimejichoma sindano. Akasema pole baba, macho kwenye kazi.

Nikapima sakafu kwa futi ileile. Sentimita sabini na mbili. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusemea, na moyo umejaa hadi shingoni. Nilitaka kukimbia mtaani nitangaze. Lakini kiapo ni kiapo. Mtoto akanyanyuka tena, nikamkalisha. Akanyanyuka, nikamkalisha. Mara kumi na moja. Akaniangalia kama mteja aliyekosewa vipimo.

Siku tano zimebaki. Nitaweza.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa Kwanza: kumkumbusha raha ya kutambaa. Mtoto huiga wakubwa, kila mtu anajua hilo. Wakubwa wakitembea, atatembea. Wakitambaa, atatambaa. Hesabu rahisi!

Nimetambaa tangu asubuhi. Nimetambaa kwenda kuchukua uzi, nimetambaa kwenda kuchukua pasi. Magoti yamechubuka. Mheshimiwa alifurahi sana. Alifurahi, akasimama, akanipanda mgongoni.

Nikiwa chini ya meza, makalio yametazama mlango, akaingia mama mkwe. Mtu kuonwa na mama mkwe wake kwa upande ule! Nikasema natafuta kifungo. Akasema kimya kimya kwamba akikiona ataniambia.

Na huyu mama naye ana tabia moja inanikera. Kila nikiingia chumbani, anamnyakua mtoto na kumbeba mgongoni. Hata mtoto akiwa anacheza zake vizuri. Anamdekeza! Nikamweleza kwa adabu zote kwamba, shikamoo mama, mtoto naye anahitaji kukaa chini. Akajibu eti mtoto huyu anapenda mgongo. Ajabu, akamkaza khanga zaidi.

Sikubishana. Mgongoni hatembei. Mama wa watu ananisaidia bila kujua.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa Pili. Huu ni wa kifundi.

Kwa mabaki ya kitambaa cha sare nimeshona gauni refu la buluu, na chini nimelifunga kwa mshono wa mara mbili. Ndani miguu iko salama, ina nafasi ya kucheza, ila hatua haipigiki. Kazi safi! Kama ningekuwa mteja ningemsifu fundi.

Mheshimiwa alivaa saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika thelathini na tano alikuwa amegundua kuruka. Saa nne alikuwa amelivulia kichwani, akalitupa, akasimama wima katikati ya chumba na nepi yake, mikono juu kama aliyefunga goli. Nikamwangukia kwa kumkumbatia kabla mguu haujainuka.

Ndipo Kinyozi akaingia. Duka lake linatazamana na mlango wetu. Mwanawe wa kiume alitembea akiwa na miezi tisa. Najua kwa sababu huniambia kila siku. Leo kauliza bado tu? Nikasema bado. Akacheka. Akasema huyu wako ataenda shule anatambaa, na sketi utamshonea ya magotini tu, yenye viraka.

Nilikuwa na sentimita sabini na mbili mdomoni! Nilizimeza zote. Sijawahi kumeza kitu kichungu hivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Mwalimu mkuu kaja kuchukua sketi. Mwanamke mrefu, hacheki. Akazihesabu moja moja mezani. Thelathini na moja. Nikasema ya ziada ni zawadi kwa shule. Akaishika hiyo ya ziada, akatia mkono juu, akautafuta mlango wa chini. Hakuna. Akaniangalia juu ya miwani.

Lile gauni! Sijui lilipandaje kwenye rundo.

Nikasema ni mfuko wa chaki. Akasema una mikono. Nikasema ndiyo, ya kuning'inizia. Akaliweka chini taratibu, akauliza kama mke wangu yuko nyumbani. Nikasema kasafiri. Akasema alidhani hivyo.

Wakati wote huo Mheshimiwa alikuwa mgongoni kwa mama mkwe, pale mlangoni. Mama mkwe katazama gauni, katazama mshono wa chini, kanitazama mimi. Niliona midomo yake ikitetemeka. Hasira, nadhani.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa Tatu: nimembeba mwenyewe kutwa nzima. Nimeshona naye mgongoni, nimekula naye mgongoni. Yeye kala nywele zangu. Kiuno changu si changu tena.

Mke wangu kapiga simu saa saba. Akauliza kuna habari gani. Nikasema hakuna habari. Akauliza hata moja? Nikasema hata moja, mtoto anatambaa vizuri mno, hajawahi kutambaa vizuri namna hii. Akauliza kama kweli ninamtazama. Nikasema simwachii hata sekunde. Akashusha pumzi ndefu. Semina zinachosha watu.

Jioni Kinyozi kasimama mlangoni kwake, kasema kwa sauti ya mtaa mzima kwamba mwanawe sasa anapiga mpira. Nikasema wangu… Nikajiuma ulimi. Nyuma yangu mama mkwe naye akakohoa sana, kama mtu aliyepaliwa na neno. Akaingia ndani upesi.

Kesho! Kesho mke wangu ataketi kwenye kigoda, mimi nitaning'iniza futi begani kwake, mtoto atatembea, mama yake atalia kwa furaha. Nami nitashangaa. Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Nina mishangao mitatu, nitachagua papo hapo.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Leo hata mizizi iliteleza.

Mke wangu kafika saa nane. Nikamkalisha kigodani, futi begani. Nikamweka Mheshimiwa kando ya meza. Nikajiweka tayari na mshangao namba mbili.

Mheshimiwa akamwona mama yake. Akacheka. Akapiga magoti. Akatambaa! Alitambaa vizuri kweli, goti na mkono, goti na mkono, kama nilivyomfundisha Jumanne. Nikamrudisha mezani. Akatambaa. Nikamrudisha. Mke wangu akauliza ninafanya nini. Mama mkwe akajitolea kujaribu yeye, kwa sauti ya ajabu, akamwekea kijiko mbele. Akatambaa kwenye kijiko.

Ndipo Kinyozi akaingia kumkaribisha msafiri. Mkononi ana mashine yake ya kunyolea, inanguruma. Mheshimiwa akageuka. Akasimama. Akatembea! Si hatua nne. Tisa! Moja kwa moja hadi kwenye suruali ya Kinyozi, akaikumbatia.

Kinyozi akapiga kelele mpaka wateja wake wakatoka nje na mapovu shavuni. Katembea! Kwangu mimi! Wa kwanza kuona ni mimi!

Hapo ndani yangu kitu kikakatika kama uzi mbovu. Nikasema kwa sauti yangu yote kwamba wa kwanza ni mimi, Jumatatu, saa nne, sentimita sabini na mbili, nina maandishi!

Halafu mama mkwe akasema polepole kwamba, samahani baba, yeye aliona Jumapili jioni, jikoni, mtoto akikifuata kijiko, mimi nikiwa nafungua mizigo yake. Alinyamaza ili binti yake awe wa kwanza. Ndiyo maana amembeba wiki nzima, na mgongo umemwisha.

Tukamgeukia mke wangu. Yeye alikuwa anaangalia futi mapajani. Akasema Ijumaa. Ijumaa ile kabla ya safari, mimi nimepeleka mashati kwa mteja. Mtoto alitoka kitandani hadi dirishani.

Nikauliza kwa nini hukuniambia. Akasema kwa sababu ya lile jino. Alisema safari hii alitaka niwe wa kwanza. Alijua mtoto atarudia tena baada ya siku mbili tatu, akaniachia wiki nzima peke yangu, na ndiyo maana alinisihi nimtazame. Hata kwenye simu alingoja nimwambie. Nami nikamwambia anatambaa vizuri.

Nilipewa zawadi, nami nikaishonea mdomo kwa mshono wa mara mbili. Niliketi sakafuni nikalia mbele ya Kinyozi. Kinyozi naye, sijui kimemgusa nini, akazima mashine yake. Akasema mwanawe alianza kutembea kwa shangazi yake, yeye alisimuliwa tu. Akaondoka bila kujisifu. Mara ya kwanza tangu tumjue.

Alasiri yote Mheshimiwa katembea. Kwangu, kwa mama yake, kwa bibi yake, kwangu tena. Kaanguka mara ishirini. Sikumkalisha hata mara moja. Nilihesabu hatua mia moja na sita, nikaacha, macho yalikuwa na maji.

Tumeahidiana wote watatu, mkono juu ya futi: katika nyumba hii hakuna tena kufichana. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nimelitambua hilo sasa, na sitalisahau maisha yangu yote.

Jumatano, 19 Juni

Leo saa tatu asubuhi Mheshimiwa kasema neno lake la kwanza. Kakaa juu ya rundo la mashati, kanitazama usoni, kasema: Baba. Wazi kabisa! Mara mbili!

Mke wangu yuko kazini. Mama mkwe yuko jikoni (bado yupo, na mto). Nimefikiri kwa kina. Mke wangu aliniachia hatua. Utu gani huo, mimi nijichukulie na neno? Haki ni kulipana wema. Nitamfundisha kusema Mama, alitamke mbele ya mama yake Ijumaa akiwa na mapumziko, na hilo ndilo litakuwa la kwanza. Huku si kufichana. Huku ni kupanga.

Shida ni siku mbili za katikati. Dawa ni ndizi mbivu iliyopondwa. Mdomo uliojaa hausemi. Kila akivuta pumzi ya kutamka, namlisha kijiko.

Mama mkwe leo anaimba kwa nguvu sana. Kila mtoto akifungua mdomo, anapandisha sauti. Furaha ya uzee, nadhani.

Jioni mke wangu karudi. Hata hakusalimia. Kamwona Mheshimiwa anakaribia kusema, kaacha mkoba sakafuni, kakimbia, kamjaza ndizi mdomoni, kamnong'oneza sikioni: Baba kwanza.

Sijui kajifunzia wapi tabia hiyo.