Mzizi wa Busi

Jumatatu, 10 Juni
Mkataba wangu hapa maabara unakwisha mwisho wa mwezi. Ijumaa kamati inaamua nani apewe utafiti wa mitishamba, mimi au mwenzangu Devota. Atakayekosa anarudi kwao. Kwetu ni Mvumi, kulima uwele. Sirudi! Mzee mmoja stendi ya Kondoa alisema kuna mzizi kijiji cha Busi unaohusu mambo ya njaa. Nimeupata leo. Bibi Rukia, mchimbaji wa mizizi, alitaka kunieleza matumizi yake. Nikamwambia asijisumbue, nina shahada.

Jumanne, 11 Juni
Nimechemsha, nimechuja, nimedondoshea seli zenye vipokezi vya homoni ya njaa. Kipokezi ni kama kitasa, homoni ndiyo ufunguo. Seli zote zimewaka kijani! Maana yake kitasa kimezibwa, njaa haipiti. Devota kashauri nisome mwongozo wa kipimo kwanza, kisha nirudie mara tatu. Wivu tu. Mwongozo una kurasa arobaini.

Alhamisi, 13 Juni
Devota anarudia kipimo chake mara ya sita. Maskini. Kesho nitakunywa glasi nzima mbele ya kamati, halafu wakati wa chakula nikae nawatazama wakila.

Ijumaa, 14 Juni
Nilikunywa. Dakika kumi nilizungumza vizuri sana. Ya kumi na moja mate yakaanza kunijaa. Chakula kilipoletwa nilimaliza sahani yangu, nikaifuata ya Devota, kisha ya mwenyekiti, Dkt. Methusela, aliyekuwa bado amefumba macho anakiombea. Devota akawaeleza kwa upole kwamba seli zikiwaka kijani, kitasa kimefunguka. Ule upole ndio umeniuma. Utafiti kapewa yeye. Miaka mitatu nimeosha vyombo vya maabara ile, na hakuna aliyeniaga.

Jumamosi, 15 Juni
Busi tena. Kumbe mama aliyejifungua hupikiwa mzizi ule ili apate hamu ya kula. Kijiji kizima kinajua. Nilimlaumu Bibi Rukia kwa kunificha. Yeye aliniletea ugali na mlenda. Nilikula mara mbili.
Nimenunua mzizi mwingine, mwekundu. Huu ndio wenyewe wa kuzuia njaa, nina hakika. Jumatatu naunywa ofisini kwa Dkt. Methusela. Bibi alinishika mkono, akaanza kunieleza unatibu nini. Nikamkumbusha kwamba nina shahada.