Paka Juu ya Kitufe cha Kuchapa

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji anafungua duka la pili la uchapaji, ng'ambo ya barabara. Anatafuta msimamizi. Tuko wawili tu: mimi, kaka wa mke wake, damu kabisa, na Bi Taratibu, anayeandika kwa vidole vyote kumi na hajawahi kuwa na wazo. Ushindani gani huo?

Kompyuta yetu inatumia mfumo huria. Yaani ni wa bure, na yeyote anaruhusiwa kuuchokonoa. Yeyote! Na hakuna aliyeuchokonoa. Skrini buluu tupu, kama ukuta wa zahanati. Nitaipamba. Shemeji akiona, cheo changu.

Jumanne, 5 Machi

Nimesakinisha viongezo. Saa kubwa ya mishale. Utabiri wa hali ya hewa. Theluji inayodondokea barua za wateja. Paka anayekimbiza mshale wa kipanya. Kila mara mashine iliniuliza kama nina hakika. Dharau hiyo!

Bi Taratibu alitazama, akauliza kitufe cha kuchapa kimekwenda wapi. Kiko chini ya paka. Nikamwambia avute subira, paka husogea. Akasema haya, kaka. Wivu mtupu.

Jumatano, 6 Machi

Mama wa bibi harusi ameleta kazi: kadi za mwaliko, azichukue Ijumaa. Shemeji ametuambia waziwazi kwamba kadi hizi ndizo mtihani. Atakayezitoa ndiye msimamizi. Nikazidaka mimi. Bi Taratibu hakubisha, akaenda zake stoo kwenye ile kompyuta kuukuu. Amejitoa mwenyewe, masikini.

Mashine yangu imekuwa nzito kidogo. Nabonyeza herufi, naenda kunywa chai, narudi, ndipo inatokea. Theluji, kwa upande wake, inadondoka vizuri sana.

Alhamisi, 7 Machi

Kadi imekwama. Nimeamua kumwondoa paka. Paka hataki. Nikatafuta mtandaoni, bingwa mmoja akashauri amri ya kuandika. Nikaiandika. Mashine ikamwaga majina chungu nzima ya vitu vitakavyoondoka pamoja na paka, ikauliza: ndiyo au hapana? Nani ana muda wa kusoma yote hayo? Ndiyo!

Paka ameondoka. Ameondoka na saa, theluji, madirisha yote na ule ubuluu. Kimebaki kiza na kistari kinachopepesa. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Wahenga hawakuwa na kadi za kutoa kesho.

Niseme kweli, humu ndani tu: naogopa. Nikikosa duka hili, Baba ameapa kunirudisha nyumbani nimlishie kuku wake. Safari hii Dada hatanitetea.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji akauliza skrini ina nini. Nikamwambia ni mtindo wa kisasa, unapumzisha macho. Akauliza kadi ziko wapi. Nikasema nazo zinapumzika. Hapo hapo mama wa bibi harusi akaingia. Nikaanza kumweleza habari za theluji.

Bi Taratibu akatoka stoo na boksi. Kadi zote! Amezichapa kwa ile kuukuu, isiyo na hata picha ya ua.

"Nilijua paka hatasogea," akasema.

Shemeji hakupaza sauti. Bora angepaza.

"Shemeji, shukuru dada yako yupo," akaniambia. "Kompyuta usiiguse tena."

Jumamosi, 9 Machi

Bi Taratibu amekabidhiwa funguo za duka jipya. Nimempongeza huku nimeuma meno. Kuku watasubiri: Dada amelia, kwa hiyo nimewekwa kwenye mashine ya fotokopi, mbali na kompyuta zote. Shemeji anasema huku hakuna cha kuharibu.

Nimeichunguza. Ina kioo kidogo cha kugusa. Nimesoma maandishi ya nyuma: mfumo wake nao ni huria! Na kioo kimekaa kitupu, hakina mtu wa kukijali. Shemeji ametoka kwenda benki. Nimeanza na samaki wanaoogelea.