Palahala Tisa wa Pembe Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeduwaa. Baba mkwe kaja studio, kakalia kile kiti cha wateja wa paspoti, katangaza kwamba nisipopata kazi ya maana hadi Jumatatu ijayo, nahamia kwenye mashine yake ya kusaga. Mashine ya kusaga! Mimi, msanii! Mke wangu alikuwepo. Alitazama dari.

Lakini Mungu si Athumani. Hifadhi ya wanyama inatafuta mpiga picha wa kuajiriwa, na kila mwombaji apeleke picha moja tu. Bahati mbaya Fleshi naye anaomba. Huyu ana studio ng'ambo ya barabara, na harusi ya mwisho aliyopiga, bibi harusi alitokea hana kichwa. Picha moja, wamesema. Hawakukataza kushona picha nyingi ziwe hiyo moja.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda hifadhini na shemeji, mdogo wake mke wangu, anibebee mwavuli. Tukamkuta palahala dume, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, mweusi, kifua kipana, kovu begani. Pembe moja tu! Ya kushoto imekatika. Shemeji akapiga chafya. Mnyama akaruka korongo, na mimi kidole hakikutoka kwenye kitufe. Kamera ikatema picha mfululizo kama cherehani. Miguu palepale, nageuka kiuno tu. Kiuno bado kinauma.

Jioni nikaziunganisha kwenye kompyuta. Picha moja ndefu: kushoto anajikunja, katikati yuko hewani, kulia anatua. Palahala mmoja, mara tisa, chini ya mbingu moja. Nilitokwa na machozi. Mke wangu akachungulia, akasema wanyama hawa wanafanana sana. Hajui sanaa, maskini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeipeleka. Mkuu wa hifadhi, mama mmoja mpole wa miwani, akaitandaza mezani. Nikafungua mdomo nieleze nilivyoishona. Fleshi, aliyekuwa nyuma yangu na picha yake ya kiboko aliyelala, akaropoka kwamba mimi hata mnyama mmoja siwezi kumpata, sembuse tisa.

Damu ikanichemka. Nikasema ni kundi. Tisa kamili, nimewaona kwa macho yangu haya mawili.

Mama akavua miwani. Akauliza kama wote tisa hawana pembe ya kushoto. Nikasema wote. Ulimi hauna mfupa.

Akainua simu, akaagiza geti lifungwe. Lo!

Jumamosi, 9 Agosti

Makubwa! Askari wote wako porini wanamsaka jangili wa pembe za kushoto. Daktari wa wanyama yeye haamini habari za jangili, anasema ni ugonjwa mpya. Na nani kaitwa awaongoze hadi kwenye kundi? Mimi. Tumetembea kutwa juani. Nikawaonyesha nyayo. Daktari akainama, akasema ni za viatu vyangu.

Jioni tukamkuta. Peke yake, anatafuna. Daktari akalitazama kovu la begani, akaitazama picha, akalihesabu kovu lilelile mara tisa. Kisha wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeitwa ofisini kwa mkuu. Nikasema kweli yote. Nilitegemea kufokewa, lakini akauliza taratibu, "Kwa hiyo ni mnyama mmoja, ila umeuweka mruko wake wote kwenye picha moja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Baba, mtu wa hivyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Ungesema ni mmoja, kazi ilikuwa yako."

Kamwajiri Fleshi. Kwa kiboko aliyelala! Nikakaa kwenye ngazi za ofisi mpaka mfagiaji akaniomba nisogee. Imeniuma. Sitanii, imeniuma sana.

Jumanne, 12 Agosti

Siku ya pili kwenye mashine. Unga puani, unga masikioni, unga kwenye kope. Wateja hakuna. Baba mkwe analalamika kwamba watu hufuata foleni: wakiiona kwa jirani, huko huko wanakwenda.

Foleni! Mbona hakusema mapema?

Alipotoka tu, nikachukua kamera. Mteja akaingia na ndoo yake, nikampiga mfululizo kutoka mlangoni hadi kwenye mashine. Nikaunganisha, nikachapisha bango, nikalitundika nje. Foleni ya watu kumi na wanne! Kweli mteja ni mmoja, lakini nani atasimama barabarani kukagua sura?

Kasoro ni ndogo tu. Mteja pekee aliyekuja leo ni mama mkwe. Wako kumi na wanne, na wote wamenuna.

Baba mkwe amerudi. Amesimama mbele ya bango, ameshika kiuno, anamhesabu mkewe. Nadhani amelipenda.