Malalamiko Kuhusu Askari Wanaodaiwa Kuisahau Sura ya Surua

Kwa Muuguzi Mfawidhi,
Kituo cha Afya,
Hatua arobaini kutoka kwenye kibanda changu.

Mheshimiwa Mama Mfawidhi,

Pole na kazi. Mimi ni mlinzi wa geti lako la mbele, yule ambaye wiki iliyopita alikudai kitambulisho baada ya miaka tisa ya kukufungulia. Ulikuwa umebadilisha mtindo wa nywele. Nimeshaomba radhi kwa mdomo na sasa naomba kwa maandishi, ili jambo hilo liishe na tuingie kwenye makosa ya watu wengine.

Leo naandika kama babu wa mgonjwa wako, binti wa miaka minane anayeishi na VVU, ambaye mimi na bibi yake tunamlea tangu mwanangu, mama yake, afariki. Jumatatu nesi wa chanjo aliniambia surua imeingia mtaani, mtoto hana kinga, na inafaa achanjwe upya. Nilikataa, nikamshika mtoto mkono tukaondoka. Sababu zangu ni hizi zifuatazo:

1. Lugha iliyotumika. Nesi, ambaye kwa umri ni kitinda mimba wangu, alinieleza kwa upole kwamba askari wa mwili wa mtoto walifundishwa kuijua surua alipokuwa mchanga, lakini virusi viliua wengi wao, na waliobaki wameisahau sura yake. Mama, mimi ni askari. Nina sare, filimbi na kirungu. Sijui kama nesi alikuwa ananitazama kwa makusudi aliposema "wamesahau sura", ila habari ya nywele zako ilikuwa imeshafika mpaka maabara.

2. Kadi. Kadi ya mtoto ina tarehe mbili za chanjo ya surua, ya miezi tisa na ya mwaka na nusu, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, na nimeitia kwenye nailoni isilowe. Getini kwangu mwenye kadi anapita. Nesi akasema kadi inaonyesha kwamba mtoto alichomwa sindano, haionyeshi kama kinga bado ipo. Kama ni hivyo, naomba kujua mimi nimekuwa nikikagua nini miaka yote hii.

3. Kurudishwa darasani. Hakuna aibu kama ya askari kurudishwa mafunzoni. Mimi nimerudishwa mafunzo ya kuzima moto mara tatu. Mara ya tatu ilitokana na ya pili, nilipommwagia mkufunzi povu lote la mtungi. Siwezi kuwatakia askari wa mjukuu wangu yaliyonikuta.

4. Ajira mpya. Nesi aliendelea kusema kwamba kwa kuwa mtoto anameza dawa zake vizuri, askari wamerudi tena wengi, vipimo vinaonyesha, na ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kuwafundisha. Walipokuwa wachache sana, alisema, hata chanjo yenyewe isingefaa. Kwa hiyo hawa ni waajiriwa wapya! Nani aliwafanyia usaili? Kwa nini sikushirikishwa, mimi ninayelala nao nyumba moja? Naomba nipewe orodha yao na zamu zao.

5. Hatua nilizochukua. Nilichukua likizo ya dharura, ile uliyoisaini bila kuuliza. Tangu Jumanne mtoto haendi shule, na mimi nimekaa mlangoni kwangu na kiti, daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila anayeingia anaandika saa, kisha namkagua macho mekundu, kikohozi na vipele. Bibi yake alisaini mara kumi na moja, kisha akaanza kupitia mlango wa jikoni, ambao sikuwa nimeuweka kwenye mpango wa ulinzi. Jumatano mchana fundi cherehani, jirani yetu, alikuja na mwanawe kurudisha ndoo. Niliwapitisha bila kuwakagua, maana hao nawajua. Mtoto yule alikaa mkekani na mjukuu wangu karibu nusu saa, wakichora. Leo asubuhi amelazwa kwako kwa surua. Tangu nipate habari hiyo nimemgusa mjukuu wangu paji la uso mara nyingi mpaka ameniambia nitamchubua. Hata hivyo, jambo hili halithibitishi kwamba nesi alisema kweli. Linathibitisha tu kwamba hata mlango wangu una mlinzi wa ovyo.

6. Swali la nesi. Aliniuliza kwa nini mtoto alichelewa kuanza dawa. Nilisema sikumbuki. Nakumbuka, Mama. Mwanangu alipofariki, mtoto alikuwa na miaka miwili, na niliambiwa mapema nimlete apimwe. Niliogopa wenzangu wa kazini wangemwona, wakajua, wakanisengenya. Kila asubuhi niliwafungulia geti watoto wa watu wengine, nikawaelekeza chumba namba saba, cha vipimo na chanjo za watoto, nikawaambia wazazi wao wasiogope. Wangu nikamwacha nyumbani miezi kumi na minne. Askari wake walikufa wakati huo. Waliobaki hawakusahau kwa uzembe. Walipigana peke yao, bila msaada, na aliyewafungia geti ni mimi. Nesi hakunilaumu. Alikohoa kidogo akaendelea kuandika, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

7. Kwa hayo yote, naomba: nesi awaandikie askari barua ya kuwaomba radhi, neno "wamesahau" lifutwe kwenye mazungumzo ya kituo na badala yake lisemwe "wamechoka", na sindano hiyo nichomwe mimi kwa niaba ya mtoto, kwa kuwa aliyekosa ni mimi. Mkono wa shati nimeshaukunja.

Nisalimie daktari, watu wa maabara, mama wa usafi na mlinzi anayenishikia zamu. Mwambie komeo la chini linataka kusukumwa kwa mguu. Nesi wa chanjo naye msalimie, kwa kifupi. Mtoto wa fundi msalimie sana, na umwambie tunamwombea apone haraka.

Ni mimi mtiifu wako, niliye likizoni hadi Jumapili,

Mlinzi wa Geti la Mbele

Baada ya kusaini: Nilipokuwa natafuta bahasha, mjukuu wangu ameisoma barua hii, kwa sababu yeye ndiye anayenisahihishia maandishi. Jina la ugonjwa wake analijua. Nesi huyo huyo alitusaidia kumwambia mwaka jana. Amenirekebishia herufi mbili kwenye namba tatu. Namba sita ameisoma mara mbili, taratibu, na mimi nikajifanya naangalia bahasha. Kisha akauliza, "Babu, hao askari ni wako au ni wangu?"

Ni wake, Mama. Naomba namba moja hadi saba zisisomwe. Nimempigia nesi simu, na amesema chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu tangu mtoto akutane na mgonjwa, bado inaweza kumsaidia. Hata hajanikumbusha ya Jumatatu. Kesho Ijumaa, saa moja asubuhi, tutakuwa kwenye foleni ya chumba namba saba pamoja na watu wote. Sitavaa sare. Ukiniona, tafadhali usinitume kufungua geti, nitakuwa nimemshika mtoto mkono.